Kasi ya Deni

Mimi ndiye niliyeshika saa.
Walinipa kwa kuwa nafundisha hesabu
na kwa kuwa sina punda.

Kamba imefungwa kati ya mapipa mawili, hapa Ziba.
Upande huu ndoo za maji, upande ule daktari wa mifugo
na kipimo masikioni, amepiga magoti
kana kwamba punda anamnong'oneza jambo la nyumbani.

Kilomita ishirini: Gamaya, juu ya Bajaji.
Saa moja na dakika thelathini na sita.
Nikagawanya: kumi na mbili na nusu kwa saa.
Vumbi lilifika kabla yake,
vigelegele kabla ya vumbi,
na vijana wa kiwanda cha pamba walishagawana pesa za dau
kabla ya vigelegele.

Kilomita arobaini: Nkwabi. Punda anaitwa Sitaki.
Saa nne juu ya alama. Kumi kwa saa,
hesabu ya kitabuni, haina mabaki.
Yuko aliyemtangulia kwa dakika kumi,
lakini moyo wa punda wake ulikataa kushuka:
sabini na mbili. Tukangoja. Sabini na mbili.
Kanuni yetu inasema sitini.
Mwenye punda akaja juu: "Tangu lini?
Si mnasema wenyewe, punda afe, mzigo ufike?"
Daktari akakunja mpira wa kipimo, taratibu.
"Leo, mzee, mzigo ni punda mwenyewe."

Kisha hakuja mtu.
Jua likapanda, likakaa.
Wauza karanga wakahesabu chenji, wakaondoka,
Bajaji akapelekwa kuteka maji kama siku nyingine zote.
Nikabaki na daftari, na safu ya tatu tupu.

Kilomita themanini: wanne waliondoka saa kumi na moja alfajiri,
gizani, kila mmoja na tochi, wakiifuata njia ya Wembere.
Wawili walirudishwa kwato zikiwa zimepasuka.
Mmoja alirudi mwenyewe, akasema tu, "Mbuga ni ndefu."

Milembe alitokea saa kumi na mbili kasoro dakika tano.
Hakuwa juu ya Deni. Alikuwa kando yake,
viatu mkononi, mkono mwingine shingoni mwa mnyama,
wanatembea kama majirani wanaotoka msibani.
Nikatoa mapumziko yao, nusu saa mara tatu,
nikagawanya. Saba.
Mtu nyuma yangu akacheka: "Saba? Hata mama yangu na kuni zake!"

Ndipo nilipofungua karatasi za vituo.
Ishirini za kwanza, saa mbili na dakika tano.
Za pili, saa mbili na nusu.
Za tatu, saa mbili na dakika hamsini.
Za mwisho, saa nne nzima.
Hapakuwa na saa hata moja
ambayo Deni alikwenda saba.
Saba ni yangu mimi, niliyekaa kivulini na kalamu.

Nikamuuliza Milembe, zile saa nne zilikuwaje.
Akapangusa vumbi kwenye nyusi za punda, si zake.
"Nilimnunua kwa mkopo wa pamba, mwalimu,
mwaka ule bei ilipoanguka. Ndiyo maana ya jina.
Dawa ya deni, wanasema, kulipa.
Dawa ya Deni, nimeiona leo, kushuka."

Daktari akapiga magoti.
Tukanyamaza wote, hata yule aliyecheka.
Arobaini na nane.

Jumatatu Mihayo, dawati la mbele, atainua mkono:
kwa hiyo, mwalimu, Bajaji ana mbio kuliko Deni?
Nitaandika ubaoni umbali chini ya wakati,
nitajifanya nimekosea,
nitafuta, nianze upya,
nipate muda wa kufikiri.

Deni alikunywa ndoo mbili, akaacha ya tatu nusu.
Hapo sikupima.